Sekunde Nilizompunguzia Leland

Jumapili, Aprili 12, 1953

Leo ndiyo mazoezi ya kwanza ya mwaka, uwanja wa maonyesho wa Corley, vumbi tupu na upepo wa kukata masikio. Nilikaa jukwaani mahali pangu pa siku zote, safu ya saba, blanketi magotini, saa ya mbio mkononi. Wanawake hatuingii kwa mafundi, eti tunaleta nuksi. Nuksi nyingine ni rangi ya kijani na karanga za maganda. Basi mimi na karanga tuna hadhi moja, ila mimi ndiye ninayempimia mume wangu muda, na fundi habadilishi kitu garini mpaka aone karatasi yangu.

Leland alizunguka mara kumi. Mwaka jana uwanja huu huu alikuwa akimaliza mzunguko kwa sekunde ishirini na nne nukta moja, ikiwa amelala vizuri hata chini ya hapo. Leo mzunguko wake bora ni ishirini na nne nukta tisa. Nilitikisa saa nikidhani imepata baridi. Ikarudia kuniambia yale yale.

Alikuja mpaka kwenye ua wa waya, helmeti kwapani, uso wa kijivu kwa vumbi. Ana miaka arobaini na moja, na kwa mara ya kwanza niliiona yote. Akauliza, "Ngapi, karani wangu?"

Nikasema, "Ishirini na nne nukta tatu."

Sijui ilitoka wapi. Akacheka, akapiga waya kwa kiganja, akaenda kumwambia fundi wake, Clem. Usiku alikula sahani mbili za tambi na kuku, akaimba akiosha vyombo. Nilisema moyoni, ni baridi tu, wiki ijayo atakuwa amepona na mimi nitakuwa sijasema uongo, nitakuwa nimetangulia tu kusema kweli.

Jumapili, Aprili 19

Mvua. Hakuna mbio.

Jumapili, Aprili 26

Mbio za kwanza. Wa nne. Mwaka jana wa nne kwake ulikuwa msiba, leo ameshukuru.

Maxine Tolliver alikuja na mfuko wa karanga bila kufikiri, mlinzi wa lango akamrudisha kana kwamba amebeba nyoka. Akakaa ndani ya gari lake akazila zote peke yake kwa hasira, ndipo akaja kuketi nami. Mumewe, Ray, ni wa pili leo. Ray na Leland walianza mbio pamoja, wakikimbiza magari ya mabati shambani, na mimi na Maxine tumekuwa mashoga kwa sababu hiyo hiyo. Jukwaani hatuzungumzi habari za mbio. Tunazungumza mapazia, huku kila mmoja akimtazama wake.

Nimempunguzia Leland nukta sita tena. Kwa karatasi yangu alikuwa na kasi ya kushinda, na kilichomwangusha ni magari ya mbele kumzibia njia. Clem Dillman, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye fundi wake, alisoma karatasi mara mbili, akajikuna kidevu, akasema atabadilisha gia.

Jumapili, Mei 10

Wa saba. Clem amebadilisha gia tena.

Jumatano, Mei 20

Leland amehamisha kiti changu mezani. Miaka yote kumi na mmoja nimekaa kushoto kwake, karibu na jiko, ili nisizunguke nikitaka kuinuka. Leo nimekuta kiti kiko kulia. Nilipouliza alisema kule kuna mwanga mzuri, anataka kuniona. Maneno matamu, lakini Leland si mtu wa maneno matamu siku ya Jumatano. Nimekwenda kulala nikidhani amechoka na sauti ya kijiko changu.

Jumapili, Mei 31

Wa tano. Saa ya wenyeji wa uwanja ilimpa muda mbaya wakati wa kupanga foleni ya kuanza, na spika ikautangaza uwanja mzima. Kila dereva aliyewahi kuzaliwa husema saa ya wenyeji ni mbovu, kwa hiyo nilikuwa na pa kujificha. Nilimwambia saa yao ina kutu. Alinitazama muda mrefu. "Una hakika na ya kwako?"

Nikasema nina hakika. Akauliza tena. Nikasema tena. Akashusha pumzi, mabega yakalegea, akanibusu kwenye paji la uso akaniachia tope.

Jumapili, Juni 14

Joto. Mahindi yamefika gotini. Wa sita.

Jumapili, Juni 21

Asubuhi niliapa mbele ya kioo kwamba leo nitasema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshatembea miezi miwili, lazima niko karibu na mwisho wake. Akaja kwenye waya, akauliza, "Ngapi?" na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayemuuliza daktari. Siwezi kumtendea hivyo mtu ambaye soksi zake ninazifua mimi. Nikampunguzia nukta nane.

Nimepika pai ya cheri kwa aibu.

Jumapili, Julai 5

Naandika ya jana, maana jana mkono haukuandika.

Tulikuwa Millbrook kwa mbio za sikukuu ya uhuru. Watu wamejaa mpaka juu ya mapaa ya malori, bendi ya shule inapiga, watoto wamepakwa aisikrimu. Mzunguko wa kumi na nane, Leland alikuwa wa tatu na Ray anamfuata. Wakitoka kwenye kona ya pili Ray alishuka ndani, upande wa kushoto wa Leland, ndipo penye nafasi na ndipo anapopita miaka yote. Leland humwachia. Ndivyo walivyo, huyu akiingia ndani huyu husogea nje kidogo, kama watu wawili wanaopishana mlangoni mwa nyumba yao.

Leland hakusogea. Alimshukia kabisa, kana kwamba pale hapana mtu. Gurudumu lilipanda juu ya gurudumu. Gari la Ray liliruka, likapinduka mara mbili, likalala juu ya nyasi za ndani, tumbo juu.

Maxine hakupiga kelele. Aliendelea kusema sentensi aliyokuwa ameianza, kuhusu kitambaa cha maua, mpaka akaimaliza. Kisha akasimama, akaanza kushuka ngazi za jukwaa moja moja, akishika bega la kila mtu aliyekaa pembeni. Nilimfuata. Langoni kwa mafundi mlinzi alinyoosha mkono kutuzuia, kwa mazoea tu. Maxine alimwangalia. Akaushusha.

Ray yuko hai. Mtulinga wa bega umevunjika na mbavu mbili, na uso umevimba. Mtu akitoka chini ya gari lile akiwa na hivyo tu, anapaswa kwenda kanisani kwa magoti.

Lakini leo hospitali nimesikia mengine. Wote walioona wanasema kosa ni la Ray. Eti aliingia mahali pasipokuwa pake. Nani atasema ni kosa la Leland Kuhns, ambaye hajamgusa mtu miaka kumi na mitano? Mwenye gari la Ray alifika na maua, akayaweka dirishani, akamwambia kwamba ameshampata dereva mwingine. Nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika jagi la maji. Ray alisema, "Sawa," halafu akamuuliza Maxine kama ng'ombe wamekamuliwa.

Leland alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akizungusha kofia mikononi. Njiani kurudi nilimuuliza, hukumwona? Akasema vumbi lilikuwa jingi.

Vumbi halikuwa jingi. Walikuwa wamemwagia uwanja maji dakika tano kabla ya bendera kushuka.

Jumatano, Julai 8

Leland hali chakula.

Jumapili, Julai 19

Wa tisa. Hakumkaribia mtu yeyote, aliendesha kama anayepeleka mayai sokoni. Clem alishangaa karatasi yangu. Alisema, "Shemeji, kwa muda huu ilikuwa awe mbele ya wote. Gari hili lina nini?" Akaenda kuifungua injini nzima.

Jumapili, Agosti 2

Leo ndiyo siku yenyewe.

Tulikuwa tunatoka kanisani, Leland kwenye usukani, tumefika njia panda ya kinu. Alisimama vizuri, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia barabarani. Kutoka kushoto lilikuwa linakuja lori la maziwa, kubwa, jeupe, linang'aa kwa jua. Nilivuta usukani mimi. Tukaishia kwenye mtaro, lori likapita likipiga honi mpaka kilimani.

Injini ilizimika. Mahindi pande zote, yamepita kimo cha mtu.

Nikasema, "Leland. Lilikuwa jeupe."

"Najua."

"Kwa hiyo si vumbi."

Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Akanieleza akitazama mbele. Oktoba iliyopita jiwe lilipiga miwani yake ya vumbi, jicho la kushoto. Likavimba, likapona, nikasahau. Yeye hakusahau, maana tangu Krismasi jicho lile limekuwa likifunga ukungu kidogo kidogo, na sasa kwa upande ule anaona mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana alihamisha kiti changu. Alitaka kuniona.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakuacha. Nilikuwa nimepandwa na hasira. Nilimwambia kwamba Ray angekufa. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilikuwa kinakaribia kumuumbua mwingine.

Akasema, "Nilitaka kuacha, Verda. Aprili, mazoezi ya kwanza. Nilitoka kwenye kona sioni ukingo, nikasema moyoni, muda ukiwa mbaya naacha leo leo. Nikaja kwenye waya nikakuuliza."

Akaigeuza kofia juu ya goti.

"Ukanipa ishirini na nne nukta tatu. Nikasema, basi jicho moja linatosha. Mikono inajua njia. Kila wiki nilikuwa nakuja kukuuliza, na kila wiki saa yako inaniambia niendelee."

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili ili nisije kujisifu baadaye: kwa kitambo kizima, nzi mmoja akitembea kwenye kioo cha mbele, nilifikiria kunyamaza. Ndipo nikasema ilikuwa ishirini na nne nukta tisa, na kwamba tangu siku hiyo sijawahi kumpa muda wa kweli hata mara moja.

Alifungua mlango, akashuka, akaingia katika mahindi. Niliona vilele vinatikisika, kisha vikatulia. Nilikaa. Sikulia, nilikuwa nahesabu, ni ugonjwa wangu. Alirudi baada ya dakika kumi na nne, ana vumbi la mahindi mabegani.

"Juni ilikuwa ngapi?"

"Ishirini na tano nukta mbili."

"Mchungaji angenipita na gari lake."

"Na kwaya nzima imo ndani," nikasema.

Hakucheka, ila mdomo ulisogea. Akazunguka, akafungua mlango wa upande wangu, akaniambia niendeshe mimi.

Jumanne, Agosti 4

Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kutokana na lile jiwe. Anaweza kupasuliwa majira ya baridi, lakini jicho halitakuwa la mbio tena. Leland alimshukuru kama mtu aliyepewa chenji.

Hajazungumza nami tangu jana asubuhi, isipokuwa kuomba chumvi. Nastahili. Naye anastahili, kwa hiyo nami nimempa chumvi bila neno.

Jumapili, Agosti 9

Amevunja kimya, na afadhali asingekivunja. Anataka mbio moja ya mwisho, ile ya maili mia kwenye maonyesho ya jimbo, siku ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Moja tu, aage vizuri. Ataendesha nje nje, mbali na watu.

Nikamwambia sitapima. Akasema atampata mtu mwingine wa kupima. Nikamwambia ampate pia mtu wa kumwambia Maxine. Alitoka akaenda kukata kuni za majira ya baridi mwezi wa Agosti.

Nampenda mtu huyu hata nikimchukia. Kupitia dirisha nilimwona anavyogeuza kichwa kutafuta gogo lililokuwa kushoto kwake.

Alhamisi, Agosti 13

Kuni zimejaa banda. Bado hajasema kama ataiacha ile mbio.

Jumapili, Agosti 16

Nimempa mpaka Jumapili ijayo aende kwa Ray akaseme kweli. Nikamwambia kwamba Ray amekaa nyumbani anatengwa kwa kosa lisilo lake, wenye magari hawampigii simu, na kama Leland hataenda nitaenda mimi. Alisema dereva hamwambii dereva mwenzake kwamba haoni. Haijawahi kutokea. Nikamwambia basi itakuwa ya kwanza, aweke rekodi.

Jumapili, Agosti 23

Tumekwenda wote wawili. Mimi niliendesha.

Kwanza tulipita karakana ya Clem, kwa sababu deni lile lilikuwa langu. Nilimpa karatasi zote za kweli, nilizokuwa nimezificha chini ya droo ya vijiko. Alizisoma akiwa amesimama, moja baada ya nyingine, akilamba kidole kufungua. Kisha akaketi juu ya tairi.

"Shemeji, nimebadilisha gia mara nne. Nimefungua injini. Nimegombana na mtu aliyeniuzia mafuta. Yote kwa sababu ya huruma yako?"

Nikasema ndiyo. Akasema miaka thelathini amewazuia wanawake wasiingie kwa mafundi wasije wakaleta nuksi, kumbe nuksi ilikuwa inapitishwa kwenye waya, imeandikwa kwa penseli. Nilikubali. Alikwenda nyuma, akarudi na kahawa tatu, na hapo nikajua amenisamehe, ingawa kahawa yake ni adhabu.

Kwa Tolliver tulimkuta Ray uani anakaza waya wa ua kwa mkono mmoja. Leland alisimama upande wa pili wa ua, kofia mkononi. Alisema yote, bila kujipamba, jicho, kona, nafasi aliyopaswa kumwachia. Alisema kesho atakwenda kwa wasimamizi wa mbio na kwa yule mwenye gari, aseme hivyo hivyo.

Ray aliendelea kukaza waya mpaka Leland alipomaliza. Akaweka koleo chini.

"Wiki saba," alisema. "Wiki saba nimelala nikiirudia ile kona kichwani. Nilifikiri nimezeeka. Nilifikiri ni mimi nisiyeona."

Leland akaushika waya wa juu wa ua.

"Ungekuja siku ya pili ningekupiga," Ray akasema. "Sasa mkono bado unauma."

Maxine alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu. Nilimwendea, nikamweleza sehemu yangu, kwamba ni mimi niliyemweka Leland barabarani kwa penseli yangu. Hakunikumbatia. Alinitazama kama nilivyomwona akimtazama yule mlinzi. Moyoni nikasema, shoga nimempoteza, na ni haki.

Ndipo Leland akatoa alilolipanga na Clem kwenye ile kahawa mbaya: gari la Clem halina dereva, na mbio za maili mia ziko Septemba. Ray aligeuka kumtazama mkewe. Maxine aliwaacha kwanza kuku wapite katikati yetu.

"Ataendesha," alisema. "Lakini wewe, Leland, siku hiyo huendi kwa mafundi. Unakaa jukwaani na sisi, mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ninayokudai."

Leland akasema hilo ni jambo dogo. Mimi na Maxine tulitazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kulikuwa na kitu cha urafiki katika macho yake.

Jumapili, Agosti 30

Leland alikwenda kwa wasimamizi Jumatatu, kama alivyoahidi. Leo gazeti la wilaya limeandika mistari mitatu. Kanisani watu wawili hawakumsalimia na mzee mmoja alimshika mkono akakataa kuuachia.

Jumatatu, Septemba 7

Uwanja wa maonyesho ya jimbo, maili moja kwa mzunguko, mizunguko mia. Maelfu ya watu. Leland alivaa suti ya kanisani, tukamweka katikati, mimi kulia kwake ili anione, Maxine kushoto. Aliniambia, nilipomaliza kupanga mto wake, kwamba hajawahi kuona mbio kutoka hapa tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mchangamfu. Alimweleza Maxine kona zote na namna ya kuziingia. Maxine akamwambia sisi hapa huwa tunazungumza mapazia.

Bendera ikashuka, na magari kumi na nane yakaenda katika kona ya kwanza kwa pamoja, yakamezwa na vumbi lao wenyewe.

Leland alinyamaza katikati ya neno. Ukiwa ndani ya gari huoni vile. Ukiwa ndani una usukani, una kazi ya mikono. Hapa una mto wa kukalia tu. Sekunde nane huoni mtu wako, kisha vumbi linamtema upande wa pili, unavuta pumzi, na tayari anakwenda tena. Mizunguko mia. Niliona mkono wa Leland unashika ukingo wa benchi, vidole vyeupe. Maxine alianza habari ya mapazia ya jikoni, nikamjibu. Mbele yetu Ray alikuwa wa tano, akawa wa nne.

Mzunguko wa sitini na kitu, gari moja liligonga ukuta wa kona ya tatu na vumbi likapanda refu, jekundu. Hatukujua ni nani. Mimi na Maxine tuliacha kuzungumza, hatukusogea. Leland akainuka, akatupita kwa haraka akikanyaga miguu ya watu, akashuka ngazi akapotea.

Ray alitoka kwenye vumbi, mzima, wa tatu. Maxine alifumba macho mara moja, akafumbua. "Nenda kamtafute," akaniambia.

Nilidhani amekimbilia kwa mafundi. Sikumkuta huko. Nilimkuta nyuma ya jukwaa, kwenye bomba la maji, ameinamisha kichwa chini ya maji, suti ya kanisani imelowa mpaka mabegani. Juu yetu mbao zilikuwa zinatetemeka kwa miguu ya watu. Aliponiona alijipangusa uso kwa mkono, lakini ulilowa tena.

"Siwezi kutazama," alisema. "Miaka kumi na mmoja, Verda. Mnawezaje?"

"Hatuwezi," nikamwambia. "Huwa tunakaa tu."

Akanishika, pale pale mbele ya mwuza soseji, akanishika kwa nguvu kama mtu anayetolewa kwenye maji. Kisha tukapanda tena, maana Maxine alikuwa peke yake.